Maziwa ya Gidamis

Kila Jumatatu asubuhi, hereni iliyo sikioni mwa ng'ombe wa Bibi Udagweng'a huanza kuongea. Wataalamu wa mifugo hawaji tena kwenye maboma. Hereni ndiyo inayopima damu na kuuliza habari za ugonjwa wa kutupa mimba, na mtu akinyamaza, huandika hapana.

"Bibi, kuna ng'ombe aliyetupa mimba?"

"Hakuna."

"Akina nani wamekunywa maziwa mabichi?"

"Mimi na Gidamis."

Hakudanganya. Tangu wamzike mumewe, kila asubuhi humwaga maziwa ya kwanza juu ya kaburi lake, kando ya zizi, kabla yeye hajaonja. Wanawe wako mjini. Jirani yake wa mwisho alihamishwa mwaka jana, kwa kuwa sheria hairuhusu mtu anayeishi peke yake kufuga.

"Maziwa hayo yana vijidudu," hereni ikasema. "Naomba nizungumze na Mzee Gidamis."

Alitaka kueleza. Badala yake alimswaga ng'ombe polepole hadi kaburini, akasimama hapo akiwa amemshika shingo.

"Mzee, una homa?"

Upepo ulipita kwenye majani makavu.

"Viungo vinauma?"

Ng'ombe alikuwa anacheua.

"Mzee yuko salama," hereni ikasema kwa upole. "Bibi, swali la mwisho. Unaishi peke yako?"

Udagweng'a alifungua mdomo, kisha akaufunga. Akautazama udongo uliolowa maziwa, akasubiri.

"Hapana," hereni ikasema. "Asanteni wote wawili."