Unga wa Njano wa Koboko

Mzee Fadhul hakuwa na maabara, hakuwa na digrii, hakuwa na meno ya mbele, wala hakuwa na mtu mmoja katika Koboko nzima aliyeamini kwamba unga unaweza kuiva bila moto.

Alichokuwa nacho ni cheti cha masomo ya jioni, pipa dogo la chuma, na gololi za beringi kutoka malori yaliyofia Oraba, mpakani. Pipa alilifunga kwenye mkanda wa mashine ya kusagia mihogo ya jirani yake Obeti. Ndani alitia unga mweupe wa kemikali wa aina mbili aliopewa na Dokta Driciru, mwalimu wa kemia chuoni kule Arua. Gololi zikiugonga vya kutosha, dokta alisema, unga utaungana uwe wa njano. Ila unataka kichocheo: kitu cha kuusukuma, ambacho chenyewe, kitabu kinasema, hutoka kama kilivyoingia.

Miaka miwili pipa lilinguruma. Miaka miwili unga ulitoka mweupe.

"Mzee, hata mihogo sasa inakucheka," Obeti alisema.

Nyumbani nako hakukuwa na amani. Mkewe, Medina, alikuwa akilinda nishani ya shaba ya babu yake Fadhul, askari wa zamani, yenye sura ya mfalme. Mpwa wao Yugu alikwisha kuitafutia mnunuzi mpakani.

"Atafute mpaka achoke," Medina alisema. "Mimi nimeficha pahali mwizi hawezi kutia mkono."

Ijumaa moja, gololi zikiwa zimelika, Fadhul alitoa kopo la gololi za akiba chini ya kitanda, akaenda kulimimina lote pipani. Pipa likaanza kuguna kwa sauti ngeni. Siku ya tatu akakung'uta unga kupitia wavu wa mdomoni mwa pipa.

Njano! Njano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Obeti akazima mashine. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya mihogo wakapiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini.

Fadhul alimwandikia Dokta Driciru, na jibu likaja upesi: "Nitakuja na wakubwa wa chuo, na jina lako litaandikwa. Lakini kwanza nieleze kichocheo ni nini. Bila hicho ni bahati tu, na bahati hatuiandiki."

Wiki nzima Fadhul alikuna kichwa. Unga ni uleule, pipa ni lilelile, mashine ni ileile. Mwishowe akaandika: "Kichocheo ni uvumilivu." Akalamba bahasha, akaibana. Ndipo akakumbuka mavazi.

"Mama Sharifah!" alimwita mkewe. "Wakubwa wanakuja kunitazama. Nataka kuvaa nishani ya babu. Iko wapi?"

"Iko salama, mzee. Iko ndani ya kopo yako ya gololi. Nani ataiba takataka ile?"

Fadhul aliitazama bahasha. Kisha akaichana, akafuta "uvumilivu", akaandika "shaba", na chini yake akaongeza kwamba kitabu kimekosea, kichocheo hakitoki kama kilivyoingia, na kwamba wakija wasimtajie mke wake. Akaifunga upya kwa ugali wa mihogo, akaikimbiza mwenyewe kwa dereva wa basi la Arua.