Taazia ya Jenerali Ryabinin

Jenerali Arkadi Lvovich Besonov aliandika "shujaa", akalifuta, akaliandika tena. Mtu aliyevuka mto Dnieper chini ya mizinga bila kupepesa macho, leo kalamu ilikuwa inamshinda.

Kapteni Lapshin wa usalama alikaa mbele yake akikoroga chai.

"Wewe msifu tu, Ndugu Jenerali. Ryabinin ni rafiki yako, moyo umemsimama ghafla, basi. Gazeti linasubiri."

Besonov aliogopa, tena aliogopa kweli. Moscow yetu ya miaka ile hata kusifu kulikuwa na hatari zake. Ukimsifu marehemu, kesho akitangazwa msaliti, unamfuata. Ukimbania sifa, watauliza una kinyongo gani na jeshi. Na nyumbani alikuwa na mkewe Nina na mabinti wawili ambao hawakujua kitu.

"Amefariki lini? Niandike tarehe."

"Acha nafasi. Tutajaza wenyewe."

"Na mazishi je?"

"Una maswali mengi wewe kwa mtu aliyefiwa."

Besonov akainamia karatasi. Aliandika habari za Dnieper, za ujasiri, za utii kwa Chama. Lapshin aliisoma karatasi, akatabasamu, akaikunja.

"Umetutendea vyema. Sasa nenda kapumzike, na usimsumbue mjane."

Lakini Besonov hakuweza kupumzika. Yeye na Ryabinin walilala handaki moja, wakagawana mkate mweusi ulioganda kwa baridi. Kutokwenda kumpa pole Klavdia, mke wa rafiki yake, kulimtia aibu kuliko hofu yenyewe. Akanunua maua mekundu manne, kwani kwa desturi yetu maua ya msiba hayawi ya idadi witri, akayaficha ndani ya koti. Alipita vichochoroni kwenye theluji, roho mkononi, akigeuka nyuma kila mara.

Alipogonga, mlango ulifunguliwa kidogo tu, mnyororo ukiwa bado umefungwa. Nyuma ya mlango alisimama Ryabinin, amevaa ndara za nyumbani, uso umemsawajika.

Walitazamana.

"Arkadi Lvovich?" Ryabinin alinong'ona mwishowe. "Mbona Klavdia ametoka sasa hivi kwenda kumpa pole Nina? Taazia ya kifo chako nimeiandika mimi, nikamkabidhi Lapshin asubuhi."