Pedali ya Bi Tsukuda

"Piga tena," sauti ya mwanamke ilitoka upande wa pili wa ukuta. "Kwa nguvu zaidi."

Kuramochi, muuzaji wa duka, aliuma meno, akazipiga nyuzi za besi. Wateja wenye akili zao huja kujaribu pedali, kisanduku cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa, wakiwa na gitaa la besi mgongoni. Huyu alikuja na mwavuli na mfuko wa vitunguu majani, akaomba muuzaji ndiye ampigie. Kisha akatoka katika chumba cha kujaribia, akafunga mlango, akaketi kwenye kiti cha varandani karibu na choo, sikio kaliegemeza ukutani. Ochanomizu nzima, mtaa ambao kila mlango unauza magitaa, na bibi huyu akaliona duka lao!

Alipoingia alijitambulisha kwa jina la Tsukuda, akainama kwa adabu. "Nataka pedali ya kukwaruza sauti ya besi," alisema. "Hata iliyotumika."

"Ya nani, mama?"

"Ya kijana. Anapiga kila siku." Alishusha pumzi. "Nikichagua vibaya, nyumbani kwangu hakutakalika."

Kuramochi alidhani amekwisha kumsoma. Bibi mwenye huruma, mjukuu aliyedekezwa. Nyumba nzima inamwogopa mtoto, na mtoto hajui hata kufunga nyuzi.

"Umefika kwenyewe, mama," alisema, mdomo ukitabasamu kama duka lilivyoufundisha. Moyoni alimtukana. Watu wa namna hii hununua pedali kama wanavyonunua soksi. "Anapigaje?"

Bi Tsukuda aligonga meza kwa vidole. "Du, du, du-du-du. Hapa anakosea, anarudi mwanzo. Du, du, du-du-du. Anakosea tena."

Isozaki, fundi wa magitaa kwenye meza ya pembeni, alimnong'oneza mwenzake, "Anajua mpaka makosa yake! Mama yangu mimi hajui hata wimbo wangu mmoja."

"Mama yako ana bahati," Kuramochi alimjibu.

Pedali ya kwanza ilikuwa fahari ya kabati. Iliitengenezea besi makwaruzo matamu bila kuigusa ile sauti nzito ya chini, kwa kuwa ilikuwa na kitufe cha kuichanganya sauti safi na ile iliyokwaruzwa. Kuramochi aliipiga kwa majivuno. Taa ya dari ilitetemeka. Akatoka kwenda varandani, jasho likimtiririka.

"Umeisikia, mama? Inaingia mpaka mbavuni!"

"Nimeisikia," alisema Bi Tsukuda kwa unyonge, kama aliyepokea taarifa ya msiba. "Nyingine."

Ya pili nayo ilinguruma vizuri. Bi Tsukuda alitikisa kichwa. "Nyingine, kijana. Samahani kwa usumbufu."

"Usumbufu gani, mama? Ndiyo kazi yetu." Alipogeuka alimtolea Isozaki macho. "Sikio la kuchagulia samaki hilo," alisema chini kwa chini. "Ngoja nimpe takataka, uone atakavyoipenda."

Akaingiza mkono kwenye sanduku la bei ya kutupa, akatoa pedali ya rangi ya chungwa iliyochubuka. Hiyo ilitengenezewa gitaa la kawaida. Ukiifungia besi huila sauti yote ya chini, ikabakiza mlio wa pua, kama nzi kwenye kopo. Kila mpiga besi anajua. Wanaoinunua kwa makosa huirudisha kabla ya wiki kwisha.

Aliipiga kwa dharau, tena kwa nguvu zake zote. Du, du, du-du-du. Akangoja neno kutoka ng'ambo. Kimya. Akapiga tena. Kimya.

Alipofungua mlango alimkuta Bi Tsukuda amelala fofofo, kichwa ukutani, mdomo wazi, vitunguu vimeanguka miguuni.

Kuramochi alihisi damu ikimpanda. Amepiga kwenye vilabu vya mafichoni, amezomewa, amerushiwa kopo la bia. Lakini kulaliwa usingizi! Alikohoa. Bi Tsukuda akashtuka, akajifuta mdomo, na kwa mara ya kwanza uso wake ukachangamka.

"Hiyo," alisema. "Nifungie hiyo."

"Mama, nisikilize." Hata dharau ina mpaka: mbele ya macho yake mpiga besi asiyemjua alikuwa akichinjwa. "Hiyo inaua besi. Kijana wako atapiga, na bendi haitamsikia. Chukua ile ya kwanza, nitaongea na bosi akupunguzie."

"Hapana, asante. Lakini niambie ukweli: ataitumia? Hataitupa kabatini?"

Kuramochi alicheka kwa uchungu. "Zawadi ya mtu mzima? Umpe kwa mikono miwili, halafu asiitumie? Ataanzia wapi, mama? Ataikanyaga kila siku, apende asipende, maana anajua unasikiliza."

"Vizuri sana," alisema Bi Tsukuda.

Basi na iwe. Kenge akiing'ang'ania njia ya mtego, mwache apite. Kuramochi aliifunga pedali kwa karatasi nyeupe, akaizungushia utepe mwekundu wa zawadi, akashika kalamu ya wino.

"Niandike imetoka kwa nani? Kwa bibi?"

"Andika Tsukuda."

"Jina la ukoo, kwa mjukuu wako mwenyewe?" Safari hii hakuificha kebehi.

"Mjukuu?" Bi Tsukuda aliokota vitunguu vyake. "Sina mjukuu, kijana. Yeye anakaa ghorofa ya nne. Mimi ya tatu."