Joto la Kipande Kimoja

"Wati thelathini tu," mhandisi mpya alisema, akaigeuza kompyuta ili bosi wake aone. "Pipa zima litakuwa na joto la kuku anayelalia. Pande zote sawasawa."

Wenzake walimwita Profesa. Hakuwa profesa; alikuwa na stashahada na mdomo. Alikuwa bado kwenye majaribio, na ajira yake ilingoja kitu kimoja: mashine ya kutotolesha vifaranga, ya umbo la pipa, ambayo mteja angekuja kuijaribu wiki hiyo. Ikifanya kazi, anaajiriwa. Ikigoma, anarudi kwa mama yake kulala kitanda kimoja na dada zake, kichwa huku, miguu kule.

Bosi alikuwa mama wa makamo aliyebandikwa jina la Bi Nukta, kwa kuwa hakuna nukta ya desimali iliyowahi kumponyoka. Aliinamia skrini. Mchoro ulikuwa mwembamba kama kipande cha keki. Vitu vya duara havichorwi vizima: unachora kipande kimoja, kutoka katikati hadi ukingoni, kompyuta inakizungusha yenyewe mpaka pipa likamilike.

"Hizi wati," Bi Nukta aliuliza, "ni za kipande au za duara zima?"

"Za duara zima, mama. Hilo hata mtoto analijua."

Bi Nukta alichukua simu yake. "Haya," akasema, akatoka nje na simu sikioni.

Anakwenda kunichongea kwa wakubwa, Profesa aliwaza. Wivu wa namba huo.

Mchana alifungua maelekezo ya programu kutafuta sentensi ya kumfunga Bi Nukta mdomo. Akaipata. Ilimfunga yeye. Wati zote zilizoandikwa pale zilikuwa za kipande, na duara lilikuwa na vipande kama hicho sita na robo. Alikuwa amelipatia pipa zima mgao wa kipande kimoja. Wati thelathini: taa ya chooni! Kwa moto ule vifaranga wangeanguliwa na mafua, kama wangeanguliwa.

Dawa ilikuwa rahisi. Aende kwa Bi Nukta, aseme, "Nimekosea." Alijaribu kwanza mbele ya kioo cha msalani. "Nime..." Ulimi ule ule ambao haujawahi kumnyima neno, hata pale alipopaswa kunyamaza, ukakwama kama ufunguo wa nyumba ya jirani. Akajaribu tena. Akaishia kujisifia nywele.

Basi akampigia simu fundi anayesuka waya za hita.

"Fundi, ile hita ya pipa. Namba uliyonayo hapo, izidishe mara sita na robo."

"Dada, una uhakika?"

"Fundi, kati yetu nani ana stashahada?"

"Wewe, dada."

"Basi."

"Ninyi watu wa ofisini," fundi akahema, "kazi yenu ni kuzidisha tu. Haya, naifumua, nasuka nyingine."

Profesa alikata simu akiwa mwepesi kama aliyetua gunia. Kosa limezikwa, hakuna aliyeliona, na heshima imebaki bila hata mkwaruzo.

Siku ya majaribio, mteja, mfugaji mwenye sauti ya kuita kuku, alifika mapema na trei ya mayai ya mbegu aliyoisubiri miezi. Aliikabidhi kama anakabidhi mjukuu. "Msinivunjie hata moja," akasema.

Profesa aliyapanga mayai kwa mkono wake, akafunga kifuniko, akawasha umeme.

"Tuweke kipimajoto ndani?" Bi Nukta aliuliza.

"Ya nini, mama? Kompyuta imeshapima."

Profesa alisubiri kufokewa. Badala yake Bi Nukta akatabasamu, jambo ambalo hakuna mtu ofisini aliyewahi kulishuhudia. "Leo naiamini namba yako," akasema. "Wala usiwe na wasiwasi, mwanangu."

Huyu ananichimbia shimo, Profesa aliwaza, akatabasamu na yeye, kwa meno yote.

Walimtembeza mteja kwenye karakana, wakamnywesha chai, wakamrudisha baadaye. Profesa akasimama kando ya pipa na kutoa hotuba. Alieleza habari za kipande na duara, za utulivu wa joto, za mayai kudhani yako chini ya mama yao. Alijisikiliza, akajipenda. Mwisho akafunua kifuniko kama anayefunua bibi harusi.

Hewa ya ndani ilimpiga kofi la uso mzima.

Mteja alisogea. Alilitoa yai moja kwa pindo la kitenge chake, akaligonga ukingoni mwa meza, akalimenya polepole. Lilikuwa jeupe, gumu, laini kwa juu. Aliling'ata. Akatafuna. Akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Chumvi hamna?"

Bi Nukta, mwenye rangi ya majivu, akamwinamia Profesa sikioni.

"Mwanangu," akanong'ona, "kwani na wewe ulimpigia fundi?"