Mistari Miwili ya Zamda

"Dada Zamda, tuifute hii mistari miwili ya zamani kwenye programu," alisisitiza Kheri, mwenzake kazini. "Nani bado anaitumia?"

"Humjui, ndiyo maana unauliza."

Programu hiyo ya kutengenezea tovuti Zamda aliianzisha mwenyewe, akaigawa bure, na kwa miaka kumi na miwili hajawahi kuharibu tovuti ya mtu. Alifungua ukurasa wa zahanati moja, uliotengenezwa kwa programu hiyo na mkunga ambaye sasa ni marehemu. Tangu afariki, hakuna aliyeugusa.

"Mistari hiyo ikifutwa, kitufe hiki cha kuomba miadi kinakufa."

Akatoa toleo jipya, mistari yake ikiwa palepale. Juu ya kitufe paliandikwa: Wajawazito walioomba miadi leo, 6.

Kheri alikuwa bado anatikisa kichwa, sita ikageuka saba.