Tofali Halina Juu Wala Chini

Mkono wa mama watoto ulisita kwenye kijiti cha mwisho. Chipukizi lake, dogo kama mdomo wa ndege, lilikuwa limeelekea ardhini. Akatazama kijiti cha pili, kisha safu nzima. Vyote vilikuwa vimepandwa kichwa chini, miguu juu.

Mumewe, fundi mwashi, alikuwa anakunja kamba yake ya kupimia, kifua mbele. "Sema kweli, mke wangu. Ulishaona ua ulionyooka hivi?"

Wiki nzima walivutana. Fundi alitaka ukuta. Mkewe alitaka ua wa miforsadi, watoto wale matunda na ndege wapate pa kukaa. Mwishowe fundi alikubali, kwa sharti kwamba vijiti vikikauka, ukuta unapanda. Matofali yalikuwa yameshapangwa karibu na mlango.

Au ilikuwa hila, ili apate ukuta wake? Mkewe akamtazama usoni. La, mwenye hila hang'ari hivyo.

"Baba watoto, ulichonga ncha upande gani?"

"Mwembamba. Ndio unaoingia kirahisi."

Mkewe akang'oa kijiti kile, akamwekea kiganjani. Fundi akaligusa chipukizi kwa kidole gumba chenye sugu za saruji.

"Tofali halina juu wala chini," akasema polepole.

"Mti unavyo."

Fundi akayatupia macho matofali yake. Kisha akapiga magoti, akanyoosha mkono ang'oe kijiti kilichofuata.

Ndege mdogo akatua juu ya kijiti hicho. Mkono ukabaki hewani.

"Tumsubiri," fundi akanong'ona. "Mpangaji kaingia kabla hatujamaliza."