Bega la Kipa

Bi Siwema alikuwa na wiki tatu tu mjini, akikaanga vitumbua karibu na kijiwe cha mashabiki. Hakuna aliyejua kwamba kipa majeruhi wa timu yao ni mwanawe, na kwamba amekuja kumuuguza.

"Pointi mbili nyuma ya vinara, mechi nne zimebaki, na kipa kajilalia!" alifoka Ngwali, fundi viatu. "Analipwa kuliko wote kwa bega la kusingizia."

"Avunjiwe mkataba," mwenzake akadakia.

Bi Siwema alikuwa akigeuza vitumbua. Kimoja kilianza kuungua, asikitoe.

"Mama, nawe unasemaje?" Ngwali akamtania.

"Mkono haunyanyuki, baba," alijibu. "Leo asubuhi nimemvalisha shati mimi mwenyewe. Daktari kasema hatadaka tena. Ni mwanangu yule."

Ngwali akabaki kutazama viatu vya watu.

Kisha mtu wa nyuma akauliza, kwa upole kabisa: "Pole, mama. Sasa Jumapili atadaka nani?"

Bi Siwema akachota rojo la unga, akalimimina kwenye chuma cha vitumbua, mafuta yakachachatika.